Nyoka Wasio na Majina: Dadu, Sadfa na Hadithi katika Mchezo wa Nyoka na Ngazi Mjini Eldoret

Katika uhakiki wa utamaduni wa Waswahili, bao limepata heshima ambayo mchezo mwingine haujaikaribia. Philip Townshend aliliandikia makala mwaka 1982 akiliona kuwa kioo cha maadili ya jamii inayolicheza, na Alexander de Voogt akalitolea tasnifu huko Leiden mwaka 1995, akichunguza uwezo wa mabingwa wa Zanzibar wa kufuata kichwani mizunguko ya kete ambayo mtazamaji wa kawaida huipoteza mara moja. Sababu ya heshima hiyo haijifichi. Bao halina dadu. Mshindi hushinda kwa akili yake, na mshindwa hana wa kumlaumu. Michezo ya dadu imeachiwa watoto na wacheza kamari, na mhakiki anayeigusa huigusa kwa ncha ya kidole.

Dini nayo imechangia. Aya ya 90 ya Sura ya Al-Maida inaikataza kamari, na wanazuoni wengi wa Kiislamu, wakitegemea Hadithi iliyopokewa na Muslim kuhusu mchezo wa nardi, wameikataa dadu hata pale ambapo hakuna fedha iliyowekwa. Ndiyo maana dadu, ijapokuwa imekaa pwani kwa karne nyingi, haikujipatia washairi wala mabingwa wa kuitetea.

Makala haya yanauchukua mmojawapo wa michezo hiyo, Nyoka na Ngazi, kama unavyochezwa na marafiki katika mabweni ya wanafunzi na nyumba za kupanga mjini Eldoret, na kuusoma kama matini yenye historia. Hoja ni kwamba ubao huu ulianza safari yake ukiwa na majina: kila nyoka aliitwa kwa jina la kosa, na kila ngazi kwa jina la tendo jema. Majina hayo yalifutika njiani. Kilichofika Uasin Gishu ni nchi ya ajabu yenye majoka na ngazi zinazopanda hewani, lakini isiyosema kwa nini mtu anaanguka. Inafaa kuuliza wachezaji wa huku wameujaza utupu huo kwa nini, na vilevile utupu huo unagharimu nini pale unapoachwa ulivyo.

Dadu, kete na kura

Yafaa kuanza na msamiati, kwa kuwa lugha huhifadhi yale ambayo vitabu havikuyaandika. Neno dadu asili yake ni Kireno, kama zilivyo meza, leso na karata. Inaelekea karata na dadu zilishuka pwani kutoka merikebu zilezile, na si ajabu zilishuka mikononi mwa mabaharia walewale. Kete ni neno jingine kabisa. Kete ni ganda dogo la konokono wa baharini, lenye mgongo wa mviringo na mdomo uliopasuka. Huko India maganda kama hayo yalitupwa badala ya dadu katika mchezo wa pachisi, na wachezaji wakahesabu mangapi yameangukia mgongo na mangapi mdomo. Katika Kiswahili, kete ni ganda lenyewe, ni mbegu ya bao, na ni kidude kinachosogezwa juu ya ubao wowote. Neno moja linabeba kinachotupwa na kinachosogezwa, yaani bahati na yule anayepatwa na bahati. Fauka ya hayo, kete ilikuwa fedha: katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walizichukua kutoka Zanzibar wakaenda kununulia bidhaa Afrika Magharibi.

Hata bao, ambalo wahakiki wamelisifu kwa kutokuwa na bahati ndani yake, halikusalimika katika lugha. Kupiga bao ni kutazamia, kwa maana mganga naye ana bao lake la ramli. Kupiga kura ni kuchagua kiongozi, na kabla ya hapo ilikuwa kuamua jambo kwa kutupa vijiti au vipande vya karatasi ili ionekane nani ameangukiwa. Jambo hili la kura litarejelewa baadaye.

Istilahi zenyewe za bahati zinastahili kuangaliwa kwa makini. Nasibu, kwa asili ya Kiarabu, ni fungu, na fungu hugawiwa na mtu. Majaaliwa ni yale yaliyojaaliwa, na msikilizaji yeyote anamjua aliyejaalia. Kudra haiendi bila mwenyewe. Kwa maneno mengine, mzungumzaji wa Kiswahili alipotaka kueleza jambo lililompata bila kulitafuta, lugha ilimpa istilahi ambazo karibu zote zina mwenyewe nyuma yake. Istilahi inayokaribia bahati isiyo na mwenyewe ni sadfa, na hiyo wanaoipenda zaidi ni wahakiki.

Na kwa kuwa sadfa imetajwa: bao la Kiswahili huchezwa kwa kete 64, na Eldoret, kabla ya kupewa jina hilo mwaka 1912, ulijulikana kwa namba ya shamba ambalo ulichipukia, nayo ilikuwa 64. Wenyeji waliitamka Sisibo, na jina hilo bado linasikika. Ulinganifu huu hauthibitishi kitu chochote. Hata hivyo, mtu akiusimulia mara mbili utaanza kuonekana una maana, na hapo ndipo hadithi huzaliwa.

Ubao uliokuwa na majina

Asili ya Nyoka na Ngazi ni India, katika mchezo ulioitwa gyan chaupar, yaani mchezo wa maarifa. Andrew Topsfield, ambaye utafiti wake wa mwaka 1985 ndio uliouweka mchezo huu katika ramani ya wanahistoria wa sanaa, alionyesha kwamba ulikuwa na sura kadhaa kulingana na dini ya wachezaji. Wafuasi wa Vishnu walikuwa na ubao wa miraba 72, Wajaini miraba 84, na hata Masufi wa Kiislamu walikuwa na wao wa miraba 101. Jambo hili la mwisho lapaswa kuwashangaza wale wanaodhani kwamba Uislamu na ubao wa dadu havikuwahi kukaa meza moja.

Katika mbao zote hizo mraba haukuwa namba tu. Ulikuwa na jina lililoandikwa ndani yake. Mchezaji aliyefika kwenye husuda alikutana na kinywa cha nyoka. Aliyefika kwenye imani alikutana na mguu wa ngazi. Hasira, wizi, uongo, majivuno, ulevi: kila kosa na joka lake, na kila joka na mahali linapomtema mtu. Juu kabisa palikuwa na wokovu. Katika mbao nyingi nyoka walizidi ngazi, kwa kuwa walioutunga mchezo hawakukusudia kumdanganya mtu kuhusu urahisi wa wema.

Hapa pana kitendawili ambacho wahakiki wa maadili wangependa kukikwepa. Mchezaji hachagui. Dadu, au kete, ndiyo inayomfikisha kwenye wizi au kwenye ukarimu. Inawezekanaje basi mchezo usio na hiari ufundishe uwajibikaji? Jibu la Wahindi lilikuwa katika imani ya karma: dadu haikuwa upofu, ilikuwa deni la matendo ya zamani linalolipwa sasa. Aliyeanguka alijua jina la alichoangukia, na aliamini kwamba namba iliyomfikisha hapo haikutoka patupu. Majina ndiyo yaliyoziba pengo kati ya dadu na haki.

Mchezo ulichapishwa Uingereza mwaka 1892. Mwanzoni Waingereza walibakiza maadili, wakiyavika nguo za Kivictoria: mtoto mvivu huteremka, mtoto mwenye kuweka akiba hupanda. Karma ilikuwa imekwisha kuondolewa, na maadili bila karma yakawa picha za kupendeza tu. Hatua kwa hatua picha nazo zikapungua, ikabaki namba kutoka 1 hadi 100. Nyoka na ngazi wakalinganishwa idadi, kana kwamba dunia ni mizani. Mwaka 1943 kampuni ya Milton Bradley ya Marekani iliwaondoa hata nyoka wenyewe ikaweka mabembea ya kuteleza, ili watoto wasiogope. Uingereza na makoloni yake waliwabakiza nyoka. Kwa hilo wachezaji wa Afrika Mashariki wana bahati, maana ubao wa mabembea usingewapa chochote cha kusimulia.

Nyoka afikapo Uasin Gishu

Njia zilizouleta ubao huu bara si za kificho. Wahindi waliojenga reli kuanzia 1896 na wale waliofuata wakafungua maduka walitoka katika nchi ya mchezo wenyewe. Waingereza walikuwa na ubao wao uliochapishwa viwandani, aghalabu ukiwa na Ludo, mjukuu wa pachisi aliyesajiliwa Uingereza mwaka 1896, upande wa pili wa karatasi ileile ngumu. Uwanda wa Uasin Gishu ulivamiwa na walowezi wa Kikaburu mwaka 1908, mji ukapewa jina 1912, reli ikafika 1924, na baada ya reli bidhaa za dukani zilifika kwa wepesi. Yaani mchezo uliotungwa India ulikuwa na njia mbili za kuingia katika mji mmoja, moja ya muuza duka na nyingine ya mlowezi. Njia hizo zilikuwa na jambo moja la pamoja: hakuna iliyobeba majina ya miraba kwa lugha ya mchezaji Mwafrika.

Sasa mchezaji huyo alikuwa na nyoka wake. A. C. Hollis, katika kitabu chake kuhusu Wanandi kilichotoka Oxford mwaka 1909, yaani mwaka mmoja tu baada ya Makaburu kupiga kambi uwandani, aliandika kwamba nyoka akipanda kitanda cha mwanamke hakuuawa. Aliaminiwa kuwa roho ya mzee aliyefariki, ametumwa kumwarifu mama huyo kwamba mtoto wake ajaye atazaliwa salama. Alimwagiwa maziwa chini anywe, akaachwa aende zake. Nyoka huyu hashushi mtu. Analeta habari kutoka kwa wale wanaohusika na ukoo.

Pwani nako hadithi zilikuwa na nyoka wa namna nyingine. Katika mkusanyo wa Edward Steere wa mwaka 1870 imo hadithi ya Hasibu Karimu Dini na mfalme wa nyoka, ambayo chimbuko lake ni Alfu Lela Ulela. Hasibu anaachwa na wenzake ndani ya shimo la asali, anapenya ardhini hadi nchi ya nyoka, na mfalme wao anamkaribisha kwa hisani. Mfalme anajua tangu mwanzo kwamba mgeni wake ndiye atakayemwua. Anamwachia arudi kwa mama yake kwa ahadi moja, nayo Hasibu anaivunja. Mfalme wa nyoka anakufa. Waziri aliyeulazimisha usaliti anakufa kwa kinywaji kilichotokana na mwili wake. Sultani anapona kwa mwili huohuo. Hapa binadamu ndiye anayemwangusha nyoka, na kila anguko lina jina la aliyelisababisha. Kama hadithi hii ingechorwa ubaoni, kichwa cha ngazi kingekuwa ukarimu wa nyoka, na kinywa cha joka kingekuwa ahadi ya Hasibu.

Liko pia suala la kumezwa. Ubaoni mchezaji huingia kinywani mwa nyoka na kutokea mkiani akiwa hai, tayari kuendelea. Kwa mtazamo wa Kihindi huku ni kuporomoka. Kwa mtoto aliyelelewa na hadithi za zimwi lililomeza kijiji kizima pamoja na ng'ombe wake, kisha likapasuliwa tumbo au kidole watu wakatoka mmoja mmoja, huu ni mwendo unaofahamika mno. Kumezwa katika ngano za Afrika Mashariki aghalabu si kufa. Ni kupotea kwa muda ndani ya tumbo la jambo kubwa, na swali la msikilizaji huwa nani atakayelipasua. Maneno yanayosikika mchezoni, kwamba fulani amemezwa au ametapikwa, yana ukoo na masimulizi haya kuliko na mahubiri ya Kivictoria kuhusu akiba. Ubao uliokuja mtupu ulikaliwa na wakazi wa ngano, na wakazi hao hawakuhitaji kuandikwa ndani ya miraba ili wajulikane wapo.

Isidhaniwe kwamba wachezaji wa Eldoret hukaa wakijadili Hollis na Steere. Wanachofanya ni kucheka. Mmoja anaitupa dadu, imeangukia tano, kete yake inahesabiwa mraba kwa mraba, na wenzake wanahesabu naye kwa sauti huku wakiomba asivuke. Akimezwa katika mraba wa 90 na kitu, anaambiwa kwamba alikuwa anajidai. Akipanda ngazi ndefu, anaulizwa ni mjomba gani aliyemwekea. Utani huu si pambo la mchezo. Ndio mchezo wenyewe, kwa maana ukiuondoa hakibaki kitu kwenye meza isipokuwa mashine ndogo ya pande sita inayopanga foleni.

Dadu kama msimulizi

Wanadharia wa michezo hawajawa na mahali pa kukiweka kitendo hiki. Roger Caillois, katika kitabu chake cha mwaka 1958, aliigawa michezo katika makundi manne, la ushindani, la bahati, la uigizaji na la kizunguzungu, kisha akadai kwamba bahati na uigizaji haviwezi kuungana. Hoja yake ni kwamba anayejitoa kwa bahati hukaa kimya akingoja hukumu, na hukumu haidanganyiki kwa kujifanya mtu mwingine. Dai hilo lilipata pigo kubwa mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipochapisha Marekani mchezo wa Dungeons & Dragons, ambamo marafiki hujifanya mashujaa na wachawi, na dadu, miongoni mwazo ile ya pande 20, huamua kama upanga umempata adui. Rafiki mmoja huwa msimulizi. Dadu hutoa namba, msimulizi huigeuza namba kuwa tukio. Bahati na uigizaji vimeketi pamoja usiku kucha bila kugombana.

Lakini yule aliyemwona mchezaji wa Nyoka na Ngazi akieleza kwa nini amemezwa hakuhitaji kungoja 1974. Tofauti ni kwamba katika mchezo wa Wamarekani usimulizi una mwenyewe na kanuni zake, ambapo katika chumba cha mwanafunzi wa Eldoret usimulizi ni wa kugombewa. Watatu wanasema aliyeanguka alijidai. Yeye anasema alirogwa. Dadu haisemi lolote. Hadithi inatungwa hapohapo na watu wanne, kila mmoja akivutia upande wake, na dadu ni msimulizi wa tano ambaye huleta matukio lakini hatoi sababu.

Uhakiki wa riwaya ya Kiswahili umemhukumu vikali msimulizi wa namna hii. Sadfa inapotokea katika msuko, yaani ndugu waliopoteana wanakutana hospitalini au barua inaangukia mkono usiostahili, mhakiki huandika kwamba mwandishi ameshindwa. Sababu na matokeo ndiyo dini ya msuko. Ni haki kuuliza kama hukumu hiyo haikuazimwa kwa haraka kutoka riwaya ya kihalisia ya Ulaya. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze (1952), aliandika fantasia tupu: ndugu wawili wanageuzwa manyani, jini anatoa amri, mji mzima unakutwa umegeuka mawe. Matukio yanamjia Adili kama namba za dadu. Hata hivyo hakuna msomaji anayepotea, kwa sababu mwandishi amefanya kile ambacho watungaji wa gyan chaupar walikifanya. Amewapa nyoka majina. Ndugu hao wanaitwa Hasidi na Mwivu. Pale wanapoanguka, mraba walioangukia umeandikwa paji la uso.

Jambo hilohilo, kwa mbinu nyingine, linaonekana katika fantasia za Wakenya waliofuata. Katama Mkangi alipoiita nchi yake ya kubuni Walenisi (1995), aliuficha ufunguo ndani ya jina lenyewe: wale ni sisi. Katika Bina-Adamu! ya Kyallo Wamitila (2002), safari nzima ya ajabu inaelekea kwa mhusika anayejulikana kwa herufi mbili tu, P.P., na msomaji anasukumwa kuzikamilisha. Fantasia ya Kiswahili haijawahi kuridhika na joka lisilo na jina. Hutaja, au humlazimisha msomaji ataje.

Kuzuka

Eldoret si mahali ambapo suala la kuanguka bila sababu linaweza kujadiliwa kama mchezo tu. Mapigano yalifika Burnt Forest, kusini-mashariki mwa mji, mwaka 1992. Baada ya kura ya tarehe 27 Desemba 2007 yalirudi kwa nguvu zaidi, na tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, viungani mwa Eldoret, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu nchini kote watu 1,133 waliouawa katika majuma hayo.

Msomaji wa fasihi anayeyafuatilia masimulizi ya majuma hayo katika Kiswahili, ya magazeti na ya mazungumzo, hukutana na kitenzi kimoja tena na tena. Machafuko yalizuka. Ghasia zilizuka. Kuzuka ni kutokea ghafla pasipo kutazamiwa, na kinachozuka kwa namna ya kutisha huitwa kizuka, yaani mzimu. Sarufi inafanya kazi ambayo wazungumzaji huenda hawakuikusudia. Kiima cha sentensi ni machafuko yenyewe. Hakuna aliyebeba kiberiti. Penginepo husemwa kwamba watu waliangukiwa na balaa, au kwamba ilikuwa bahati mbaya kwa fulani kuwa mahali fulani siku ile. Huu ni ubao wa namba bila majina. Mtu alikuwa mraba wa 99, akajikuta mraba wa 7, na kati ya miraba hiyo miwili hakuna kilichoandikwa.

Hapo ndipo historia ya mchezo mdogo inapokutana na historia kubwa. Lugha iliyokuwa na nasibu, majaaliwa na kudra, zote zikiwa na mwenyewe, inajikuta inatumia bahati ya kiwandani, bahati isiyo na mgawaji, kueleza matendo yaliyokuwa na watendaji. Kura nayo, ambayo imepita kutoka kijiti kinachotupwa hadi karatasi inayotiwa alama, inabeba shaka ya maana yake ya kwanza: je, wameamua watu au imeanguka tu? Ni jambo la kuzingatiwa kwamba Tume ya Waki, ilipokabidhi ripoti yake Oktoba 2008, iliweka kando bahasha iliyofungwa na kutiwa lakiri. Ndani ya bahasha mlikuwa na majina. Ilikabidhiwa Kofi Annan, ambaye mwezi Julai 2009 aliipeleka The Hague. Kesi za watuhumiwa wakuu zilizofunguliwa huko zilikuwa zimekwisha kufikia 2016 bila yeyote kutiwa hatiani kwa mauaji hayo.

Haitakuwa sahihi kudai kwamba dadu ya wanafunzi ina jibu la mambo haya. Inaweza kusemwa, kinyume na dhana ya kawaida, kwamba usawa wa dadu ni sehemu ya raha yake katika mji wa aina hii. Dadu haiulizi jina la ukoo. Anayemezwa na anayepanda hawakuchaguliwa na mtu, na kwa saa moja mezani hakuna anayeweza kumshuku mwenzake kwamba amempendelea ndugu. Mhakiki anayeidharau raha hiyo kwa sababu haina akili ya bao hajazingatia kile ambacho marafiki wa makabila manne tofauti wanakikimbia wanapofunga mlango na kuutandaza ubao kitandani.

Lakini hata ndani ya mlango uliofungwa hawaachi kuuliza sababu. Simu zimeleta mabadiliko hapa: katika Ludo ya simu, iliyoenea sana tangu 2016 na zaidi wakati wa janga la korona mwaka 2020, hakuna mkono unaoirusha dadu, na mchezaji anayeshindwa mara tatu hufuatana huishuku programu. Anasema imepangwa. Shaka hiyo, iwe na msingi au isiwe nao, ni ya ukoo mmoja na karma ya Wahindi, na nasibu ya Waarabu, na yule mzee wa Kinandi aliyejigeuza nyoka akaja kitandani na ujumbe. Namba imetoka, na mtu aliyeangukiwa nayo hakubali kwamba haikutumwa. Kwenye ubao wa karatasi, mraba uliompeleka chini unasomeka 98, na wenzake watatu tayari wanabishana wauite nini.